Daktari atoe dawa ya kupaka mwenyewe? Jibu kwa mwalimu wa Tukuyu

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tukuyu. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu wa miaka 4 kwa daktari wa ngozi Mbeya mjini, tukaambiwa ana pumu ya ngozi. Daktari aliandika haidrokotisoni asilimia 1 ya usoni na marhamu ya betamethasoni ya mikono na miguu. Nilizunguka famasi tatu. Betamethasoni niliipata, haidrokotisoni niliikosa, na gari la mwisho lilikuwa linaondoka. Siku chache zilizopita duka la dawa la huku kwetu lilinipa klobetasoli likisema ni jamii ile ile, tena ina nguvu zaidi. Nilipompigia daktari na kumwambia kwamba angenipa yeye mwenyewe pale pale, alinijibu kuwa kazi yake ni kuandika, si kutoa. Nauliza: dawa zenyewe ni za kupaka tu, wala hazimezwi. Kuna ubaya gani madaktari wakiruhusiwa kuzitoa wenyewe?

Jibu: Mwalimu, kabla sijaligusa swali lako naomba tyubu hiyo ya klobetasoli iwekwe mbali na uso wa mtoto leo hii. Ni kweli kwamba ni jamii moja na haidrokotisoni, kama chui alivyo jamii moja na paka. Ikiwa umempaka kwa siku hizi chache, acha tu. Kama ingekuwa majuma kadhaa, ningekuambia usikate ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wako, kwa sababu ngozi iliyozoea dawa kali ikinyimwa kwa mara moja inaweza kuwaka upya kuliko mwanzo. Mpigie na umsomee jina lote lililoandikwa kwenye tyubu, pamoja na asilimia yake.

Sasa nijitaje, maana ni haki yako kujua anayekujibu amesimama wapi. Mimi ni mfamasia; nimekaa miaka kwenye dirisha la dawa la hospitali, na sasa nina famasi yangu hapa Mbeya. Kila tyubu atakayoitoa daktari chumbani kwake ni tyubu ambayo mimi sikuiuza. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapa ngozi yenyewe ndiyo tunayoizungumzia, kwa hiyo uyapime maneno yangu ukilijua hilo. Hata hivyo nitakubaliana nawe kuliko unavyoweza kutarajia kutoka kwa mwenye duka.

Nisichokubaliana nawe ni lile neno “hazimezwi”. Ngozi ni mlango, na kwa mtoto mdogo ni mlango mpana zaidi, kwa kuwa eneo la ngozi yake ni kubwa ukililinganisha na uzito wake. Ngozi ya kope, ya uso, ya kwapani na ya kinenani hupitisha dawa kwa wepesi kuliko ya mgongoni au ya nyayo. Dawa za jamii hii huitwa steroidi. Steroidi kali ikipakwa kwa muda mrefu huikondesha ngozi hadi mishipa midogo ikaonekana, huacha michirizi isiyofutika, huzalisha chunusi, na ikikaa karibu na macho inaweza kupandisha presha ya jicho. Ikipakwa kwa wingi mwili mzima, mtoto anaweza kufikia mahali ambapo tezi zilizo juu ya figo zinapunguza kazi yake ya kutengeneza steroidi ya asili, kwa sababu zinaona tayari ipo ya kutosha kwenye damu. Hayo yote yanatokea bila mtu kumeza chochote.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata watu waliosoma. Haidrokotisoni uliyoandikiwa ni ya asilimia 1. Betamethasoni ya kawaida ni ya asilimia 0.1. Klobetasoli ni ya asilimia 0.05. Anayesoma namba peke yake ataamini kuwa haidrokotisoni ndiyo kali na klobetasoli ndiyo ya upole, ilhali mambo ni kinyume kabisa: haidrokotisoni ni dhaifu, betamethasoni ni kali, na klobetasoli iko kwenye daraja la juu kuliko zote. Nguvu iko kwenye dawa yenyewe, haiko kwenye asilimia. Aliyekuuzia alisema kweli kwamba ina nguvu zaidi, ila aliisema kama sifa njema wakati ilikuwa onyo.

Hapo ndipo hoja yako inapopata uzito. Daktari wako aliandika sawasawa. Kosa halikuzaliwa kwenye chumba chake. Lilizaliwa kati ya chumba hicho na Tukuyu, katika zile kilomita kama 70 za barabara, kwa sababu dawa moja ilikosekana na mtu mwingine akajaza pengo kwa alichokuwa nacho rafuni. Kama daktari angekuwa na tyubu moja ya haidrokotisoni kwenye droo yake, mtoto asingeifikia klobetasoli. Mfamasia mwenzangu atakayebisha hili anatetea meza yake tu.

Utaratibu wetu wa Tanzania umejengwa juu ya mgawanyo: daktari hupima na kuandika, mtaalamu wa dawa hukagua na kutoa. Daktari yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na mfamasia na jengo lake wako chini ya Baraza la Famasi. Lakini tusijidanganye kwamba mgawanyo huo unasimama kila mahali. Kwenye zahanati nyingi za vijijini, ukienda Makete au Ileje, anayekupima na anayekukabidhi kopo la dawa ya upele anaweza kuwa mganga au muuguzi yule yule, kwa sababu hakuna mwingine. Kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 1992 hutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, na mafuta hayo hugawiwa kwenye kliniki tembezi na watu wale wale wanaokagua ngozi na kufundisha namna ya kuyapaka. Sijawahi kusikia mfamasia akilalamikia hilo, na mimi siwezi kulilalamikia.

Tena nchi yetu imewahi kulegeza kanuni hii kwa makusudi. Mwaka 2003, kwa majirani zetu wa Ruvuma, yalianza majaribio ya maduka ya dawa muhimu, ambayo baadaye yalichukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi. Wafamasia hawakuwepo vijijini na hawakuwa na dalili ya kuja, kwa hiyo watu waliopewa mafunzo mafupi waliruhusiwa kuuza dawa zilizochaguliwa, zikiwemo baadhi ya zile za cheti. Kanuni ililegezwa kwa orodha, kwa mafunzo na kwa ukaguzi. Ikiwa tuliweza kumwamini mtoa dawa mwenye mafunzo ya muda mfupi kwa masharti hayo, ni vigumu kueleza kwa nini tusimwamini daktari kwa tyubu ya haidrokotisoni. Kwamba maduka mengine huivuka orodha ile, kama ulivyojionea mwenyewe, ni jambo la ukaguzi.

Kwa nini basi sisemi tu kwamba madaktari wote waruhusiwe kesho asubuhi?

Nikupe mfano wa mama mmoja muuza viazi, aliyekuja dirishani kwangu zamani kidogo, msimu wa baridi, amejifunga khanga hadi kidevuni. Alinyoosha tyubu iliyokamuliwa hadi tone la mwisho, imekunjwa kutoka mkiani kama ya dawa ya meno, akaomba nyingine kama ile. Ilikuwa ni krimu ya mchanganyiko, yenye steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwa pamoja. Nikamwomba aifungue khanga. Shingoni alikuwa na choa, lakini si kile choa cha kitabuni chenye duara na ukingo uliovimba. Kingo zilikuwa zimefifia, na wekundu umetambaa hadi kifuani. Ile ilikuwa tyubu ya nne. Ya kwanza alipewa kwenye kituo alikopimwa, zilizofuata alinunua hapa na pale, na kila alipomaliza moja, muwasho ulitulia siku chache kisha ukarudi na shamba kubwa zaidi. Steroidi ilikuwa inautuliza mwili usipigane, na fangasi naye akapata nafasi ya kulima. Nilipomwuliza anapaka wapi, alinionyesha shingo, kisha kwa haya kidogo akanionyesha na mashavu, kwa sababu aliona uso unang'aa.

Mtu wa kwanza kumpa alimpima kwa macho, akampa tyubu, akaita mgonjwa mwingine. Hakuna aliyemwandikia siku za kupaka, na hakuna aliyehesabu tyubu. Faida ya dirisha la pili, yaani la mfamasia, linapofanya kazi yake, ndiyo hiyo ya kuhesabu na kuuliza: hii ni ya ngapi, nani mwingine nyumbani anaitumia, umeambiwa usipake wapi. Daktari mwenye foleni ya watu arobaini nje ya mlango hana dakika ya kuuliza hayo, na ukimwongezea kazi ya kutoa dawa bila kumpunguzia foleni, maswali ndiyo yatakayokatwa kwanza.

Lakini, na hili nalisema kinyume na maslahi yangu, kwa dawa za kupaka daktari ana kitu ambacho mimi dirishani sina. Yeye anaiona ngozi ikiwa wazi. Mimi napokea karatasi iliyoandikwa “paka mara 2 kwa siku”, na mgonjwa aliyevaa sweta mbili kwa sababu nje ni Julai. Kidonge kikiandikwa kimoja kwa siku, kila mtu anajua kimoja ni kiasi gani. Krimu haina kimoja. Kipimo tunachokitumia ni ncha ya kidole: kamua krimu kutoka tyubu ya kawaida iwe mstari unaoanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kikunjo cha kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, nayo inatosha kufunika eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Chukua sasa binti yako. Kwa mtoto wa umri wake, mkono mmoja mzima pamoja na kiganja unahitaji kama ncha mbili, na mguu mmoja pamoja na wayo kama ncha tatu. Ikiwa pumu ya ngozi imetanda mikono yote na miguu yote, hizo ni ncha kumi, yaani gramu 5 kwa kupaka mara moja. Ukipaka mara mbili kwa siku ni gramu 10, na tyubu ya gramu 15 haifiki keshokutwa. Ikiwa ni mabaka machache tu kwenye vikunjo vya viwiko na magoti, tyubu hiyo hiyo inaweza kukaa majuma. Cheti kinakuwa ni kile kile, ila kuna mzazi anayepaka kidogo mno akasema dawa haifanyi kazi, na mwingine anayempaka mtoto mwili mzima kama mafuta ya kuogea. Anayeweza kumaliza mkanganyiko huo ni yule aliyeiona ngozi: afungue tyubu, akamue mstari mbele ya mama, apake baka la kwanza kwa mkono wake, na aseme “hapa tu, kwa siku saba”. Dakika mbili hizo zinazidi maelezo yangu yote ya dirishani, na haziwezekani kama tyubu haimo chumbani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: daktari aruhusiwe kukupa tyubu ya kwanza, lakini asikuuzie kwa faida. Mwamba ngoma niliyemtaja mwanzo ni mimi, na atakuwa daktari pia siku droo yake itakapoanza kumlipia pango. Anayepata faida kwa kila anachoandika atajikuta anaandika viwili penye haja ya kimoja, na krimu ya bei penye haja ya mafuta ya kawaida, hata bila nia mbaya. Mkono hujifunza njia ya mfukoni wenyewe. Korea Kusini iliishi hivyo miaka mingi, madaktari wakiuza dawa na wafamasia nao wakitibu, mpaka mwaka 2000 sheria ilipowatenganisha. Madaktari waligoma, na ukubwa wa mgomo ule unakuonyesha kiasi cha fedha kilichokuwa kwenye droo.

Wengine wamejaribu njia za kati. Uingereza humruhusu daktari wa maeneo ya vijijini kuwapa dawa wagonjwa wake wanaoishi zaidi ya maili 1, yaani kilomita 1.6, kutoka famasi. Kwa kipimo hicho sehemu kubwa ya wilaya yako ya Rungwe ingeruhusiwa kabla hata hatujamaliza kuhesabu vijiji. Jimbo la New York kule Marekani kwa kawaida humbana daktari asitoe zaidi ya dawa ya saa 72, na huwalegezea, pamoja na wengine, walio mbali na famasi. Afrika Kusini humtaka daktari anayetoa dawa awe na leseni ya pekee baada ya kupata mafunzo ya nyongeza. Madaktari walilipeleka suala hilo Mahakama ya Katiba, na mwaka 2005 mahakama ikasema sharti la leseni ni halali. Mimi navutiwa zaidi na mfano huo wa Afrika Kusini, kwa sababu haumwoni daktari kama mwizi wala kama malaika. Unamwambia tu kwamba kutoa dawa ni kazi nyingine, nayo ina kanuni zake.

Kanuni zenyewe kwa huku kwetu zisingekuwa ndefu. Dawa itoke kiwandani ikiwa imefungwa na imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, isiwe ya kuchotwa kwenye kopo kubwa kwa kijiti, isipokuwa hospitalini ambako kuna wenye ujuzi wa kufungasha upya. Iandikwe jina la mgonjwa, mahali pa kupaka, mahali pa kutopaka na siku ya kuacha. Iandikwe pia kwenye daftari la mgonjwa, ili mimi nitakayempa ya pili nijue ya kwanza ilikuwa ipi. Orodha iwe fupi: haidrokotisoni, dawa ya fangasi isiyochanganywa na steroidi, dawa ya upele ya familia nzima, krimu ya kuungua moto kwa ajili ya watoto wetu wanaoangukia majiko ya mkaa msimu wa baridi. Klobetasoli na zile krimu za mchanganyiko zisiwemo, na matone ya macho yenye steroidi yabaki kwa madaktari wa macho peke yao. Na hifadhi iangaliwe. Watu wa Mbeya mjini na Njombe tunasahau jambo hili kwa sababu vyumba vyetu ni baridi vyenyewe, lakini daktari wa Kyela au Usangu anayeacha tyubu dirishani mchana atampa mgonjwa krimu iliyojitenga, maji mbali na mafuta mbali.

Kuna jambo moja linalonifanya nisite hata kwa orodha fupi hiyo. Mikoa ya Njombe na Iringa ina viwango vya juu vya maambukizi ya VVU nchini, na mara nyingi ngozi ndiyo inayotoa taarifa ya kwanza: mkanda wa jeshi kwa kijana, fangasi asiyesikia dawa, vipele vinavyowasha visivyoisha. Tyubu inayopatikana haraka mno inaweza kumridhisha mgonjwa na daktari kwa pamoja, na kipimo cha VVU kilichotakiwa kikasahaulika. Hili halinifanyi nikatae pendekezo lako. Linanifanya nitake jina la ugonjwa liandikwe kando ya jina la dawa, kila tyubu inapotoka.

Huo ni mjadala wa mabaraza na wizara, nao hautaisha kabla mtoto hajahitaji dawa tena. Kwa safari ijayo, kabla hujatoka chumbani kwa daktari, mwombe aandike kwenye cheti dawa mbadala anayoikubali iwapo ya kwanza itakosekana, na aandike wazi kwamba ya usoni isibadilishwe kwa yenye nguvu zaidi. Kipige picha cheti hicho. Anza na dirisha la hospitali kabla ya kuingia mjini, kisha piga simu kwenye famasi badala ya kuzizunguka kwa miguu. Sisi hujibu, na tukiwa hatuna humtaja mwenzetu aliye nayo. Ukiambiwa “ni ile ile”, omba uonyeshwe jina halisi la dawa kwenye boksi, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, na ulinganishe na cheti, herufi kwa herufi. Jina na asilimia vikifanana, kiwanda kikiwa tofauti si tatizo. Jina likiwa tofauti, hiyo ni dawa nyingine. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya krimu na marhamu, kwa mikono na miguu chukua marhamu, kwa kuwa hukaa zaidi kwenye ngozi kavu ya baridi ya huku.

Wakati haidrokotisoni inatafutwa, uso wa mtoto usikae mkavu. Mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato mara nne au tano kwa siku, umwogeshe kwa maji ya uvuguvugu badala ya moto, na umkalishe mbali kidogo na jiko. Betamethasoni ya mikono na miguu endelea nayo kwa siku alizoandika daktari tu. Ikiwa hakuandika siku, hilo nalo muulize kwenye simu hiyo hiyo utakapompigia kuhusu klobetasoli.